Jibu la hesabu likitoka sehemu, usimharakishe mwanao kufuta

Dar es Salaam. Chukulia chumba cha kupanga katika moja ya nyumba za zamani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ni saa mbili usiku. Nje mikokoteni bado inapita na wabeba mizigo wanapaza sauti kuomba njia. Ndani, mama anayeuza nafaka anahesabu mauzo ya siku. Pembeni yake binti yake wa Kidato cha Kwanza ameinamia daftari, ufutio mkononi. Swali lile lile amelifuta mara tatu mpaka karatasi imeanza kutoboka.

“Mama, nimekosea tena.”

“Umejuaje kama umekosea?”

“Limetoka sehemu. Limetoka tano juu ya tatu. Jibu haliwezi kuwa hivyo.”

Mama huyu aliishia darasa la saba, hivyo hana cha kumwambia. Binti anafuta kwa mara ya nne, kisha anaandika namba nzima aliyoibahatisha ili ukurasa ujae alale. Asubuhi mwalimu ataweka alama ya kosa. Kinachosikitisha ni kwamba lile jibu lililofutwa ndilo lilikuwa sahihi.

Mambo ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na wazazi wengi huyachukulia kuwa ya shule tu. Lakini mtoto anayefuta jibu sahihi hajashindwa hesabu. Ameshindwa kujiamini, na hali hiyo ikiachwa hugeuka kuwa hofu ya kudumu. Hapo ndipo mzazi anapoweza kusaidia, hata kama hakuwahi kukanyaga sekondari.

Kwa nini mtoto anaiogopa sehemu

Swali lililomtesa binti huyo ni la milinganyo miwili ya pamoja, yaani taarifa mbili kuhusu vitu viwili visivyojulikana, ambazo ni lazima zote ziwe kweli kwa wakati mmoja. Lilikuwa hivi:

2x + y = 4
x + 2y = 3

Mwanafunzi hukutana na maswali haya mapema sana sekondari. Mifano ya kwanza anayopewa huwa na majibu mazuri: x ni 2, y ni 5. Mwalimu hafanyi kosa kuanza hivyo. Huwa anachagua majibu kwanza, kisha anatunga swali linaloendana nayo, ili mwanafunzi ajifunze njia bila kuhangaika na sehemu.

Tatizo ni kwamba baada ya mifano kumi ya aina hiyo, mtoto anajifunza jambo jingine ambalo hakuna aliyemfundisha: kwamba jibu sahihi ni lazima liwe namba nzima. Siku anapopata 5/3, anaamini amepotea njia.

Kuna na suala la lugha. Katika shule nyingi za serikali, mtoto amesoma Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi. Nusu, robo, theluthi, asili, kiasi, KDS, vyote alivijua kwa lugha anayoota nayo. Akiingia Kidato cha Kwanza, vitu vile vile vinabadilika majina. Mtoto ambaye sehemu zilikuwa zimemsumbua tangu darasa la tano sasa anazikuta zimefichwa ndani ya herufi x na y, tena kwa Kiingereza.

Na sehemu si jambo dogo. Mwaka 2012, mtafiti Robert Siegler wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za watoto wa Marekani na Uingereza. Walibaini kuwa uelewa wa sehemu na kugawanya katika umri wa miaka 10 hivi ulitabiri jinsi mtoto atakavyofanya katika aljebra na hesabu za sekondari miaka kadhaa baadaye, hata baada ya kuzingatia akili ya mtoto na hali ya kipato cha familia. Hapa nyumbani, matokeo ya Kidato cha Nne kwa miaka kadhaa yameonyesha kuwa wanaofaulu Hisabati ni takribani mmoja kati ya watano, na katika miaka ya karibuni mmoja kati ya wanne.

Hofu inavyokalia nafasi ya hesabu

Hofu ya hesabu ni kitu halisi, na mwili huionyesha. Mtoto analalamika tumbo kuuma asubuhi ya mtihani. Viganja vinatoka jasho, moyo unaenda mbio, na alichokijua jana usiku kinapotea. Mzazi anaweza kudhani ni uvivu au kudeka.

Watafiti Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walieleza mwaka 2001 kinachotokea. Akili ya mtu ina sehemu ndogo inayoshikilia mambo anayoyafanyia kazi kwa wakati huo. Ifikirie kama meza ya muuza duka: ni ndogo, na ukiijaza vitu visivyohitajika hupati pa kupimia. Mtu mwenye hofu ya hesabu, meza yake inajaa mawazo kama “nitachekwa”, “nitakosea tena”, “mimi si wa hesabu”. Nafasi inayobaki haitoshi kushika hatua tano za swali moja.

Milinganyo ya pamoja inaumiza zaidi kwa sababu hatua zake ni nyingi. Kuzidisha, kutoa, kugawanya, kurudisha thamani ya x, kisha kutafuta y. Ikitokea sehemu katikati, mzigo unaongezeka. Mtoto mwenye hofu huachia hapo.

Utafiti mwingine, wa Ian Lyons na Sian Beilock wa mwaka 2012, uliwapima ubongo watu wenye hofu kubwa ya hesabu. Walikuta kuwa maeneo yanayohusika na kuhisi maumivu yaliamka zaidi pale watu hao walipokuwa wanasubiri hesabu, wala si walipokuwa wanaifanya. Kwa maneno mengine, kinachouma zaidi ni kungoja. Mtoto akishaanza kuandika, maumivu yanapungua. Ndiyo maana kumsaidia aanze, hata kwa hatua moja, ni msaada mkubwa.

Makopo mawili na mawe ya kilo

Turudi kwa yule mama. Kwenye kibanda chake ana makopo mawili ya kuchotea mchele, kubwa na dogo. Tuseme mizani yake ni ile ya mikono miwili, na mawe aliyonayo ni ya kilo moja moja tu. Akiweka kopo moja la mchele, mizani haikai sawa na jiwe lolote. Lakini amegundua mambo mawili:

Makopo makubwa mawili na dogo moja yanalingana na kilo 4.
Kopo kubwa moja na madogo mawili yanalingana na kilo 3.

Je, kopo kubwa linabeba kiasi gani, na dogo kiasi gani?

Hili ndilo swali la binti yake. Kopo kubwa ni x, kopo dogo ni y. Na mama anaweza kulitatua bila kalamu.

Akichanganya mizigo yote miwili, anapata makopo makubwa matatu na madogo matatu, jumla kilo 7. Kwa hiyo kubwa moja na dogo moja kwa pamoja ni kilo 7 zilizogawanywa kwa tatu, yaani kilo 2 na theluthi moja.

Sasa mzigo wa kwanza ulikuwa na makubwa mawili na dogo moja, kilo 4. Akiondoa kubwa moja na dogo moja, ambazo ni kilo 2 na theluthi moja, linabaki kubwa moja: kilo 1 na theluthi mbili. Mzigo wa pili ulikuwa kilo 3. Akiondoa tena kubwa moja na dogo moja, linabaki dogo moja: theluthi mbili ya kilo.

Hakuna muuza nafaka atakayeshangaa kusikia kopo linabeba theluthi mbili ya kilo. Makopo hayakutengenezwa ili yajae kilo kamili. Mtoto akiona hivyo, anaelewa kuwa 5/3 ni kilo moja na theluthi mbili tu, kitu kinachoweza kumwagwa kwenye mfuko.

Njia ya daftarini

Shuleni mwalimu atataka hatua zilizoandikwa. Njia inayozoeleka ni kuondoa herufi moja kwanza.

Mlinganyo wa kwanza ni 2x + y = 4. Tukiuzidisha wote kwa 2 tunapata 4x + 2y = 8. Sasa y zimelingana na zile za mlinganyo wa pili, x + 2y = 3. Tukitoa wa pili kutoka kwenye huu mpya, 2y zinaondoka na kubaki 3x = 5. Kwa hiyo x = 5/3.

Kisha tunarudi mlinganyo wa kwanza. y ni 4 ukitoa 2x, yaani 4 ukitoa 10/3. Nne ni 12/3, hivyo y = 2/3.

Makosa ya watoto wengi hutokea sehemu tatu. Kwanza, anazidisha upande wa kushoto na kusahau wa kulia, akabaki na 4 badala ya 8. Pili, akitoa mlinganyo wenye alama ya kutoa ndani yake, anasahau kubadili alama. Tatu, anapofika 4 kutoa 10/3, anatoa 10 kwa 4 bila kuzifanya asili zifanane kwanza. Hili la tatu ni somo la shule ya msingi. Kama mwanao anakwama hapo, shida yake si x na y, ni sehemu, na dawa yake ni kurudi kwenye sehemu kwa wiki moja au mbili bila kumwonea aibu.

Kuna jambo jingine linaloweza kumtuliza mtoto mapema. Swali lenyewe huonyesha dalili kama jibu linaweza kutoka sehemu. Achukue namba zilizo mbele ya x na y katika milinganyo yote miwili, azidishe kwa msalaba, kisha atoe. Hapa ni 2 mara 2, kutoa 1 mara 1, anapata 3. Kwa maswali yenye namba nzima, asili ya jibu itakuwa hiyo 3 au namba inayoigawa. Akipata jibu la theluthi, lipo pale linapotarajiwa. Akipata jibu la saba, hapo ana sababu ya kutafuta kosa.

Akijaribu 2x + 3y = 6 na 4x − y = 1, msalaba unampa 2 mara −1, kutoa 3 mara 4, yaani −14. Asiangalie alama ya kutoa, aangalie 14. Majibu ni x = 9/14 na y = 11/7. Yanatisha kuyatazama, lakini 7 inaigawa 14 na majibu ni sahihi kabisa.

Endapo msalaba utampa sifuri, hilo ni swali la aina nyingine. Ama halina jibu, ama lina majibu yasiyo na idadi.

Rudisha jibu linakotoka

Hapa ndipo penye kazi ya mzazi. Uzuri wa jibu hauonyeshi kama ni sahihi. Kinachoonyesha ni kulirudisha kwenye milinganyo yote miwili na kuona kama linatosha.

Kwa makopo ya mama: makubwa mawili ni mara mbili ya 5/3, yaani 10/3. Ongeza dogo moja, 2/3, unapata 12/3, ambayo ni 4. Imetosha. Kubwa moja ni 5/3, ongeza madogo mawili, 4/3, unapata 9/3, ambayo ni 3. Imetosha tena. Hakuna sababu ya kufuta.

Na ni lazima kote kuwili. Namba nyingi zinaweza kutosha kwenye mlinganyo mmoja. Kwa mfano, x ikiwa 1 na y ikiwa 2, mlinganyo wa kwanza unakubali, 4. Lakini wa pili unatoa 5, si 3. Mtoto anayebahatisha namba nzima mara nyingi huishia hapo.

Kurudisha jibu kunaonyesha pia kwa nini haifai kukimbilia desimali. Kikokotoo kitasema 5/3 ni 1.666 na kuendelea. Mtoto akiandika 1.7 na 0.7, kisha akarudisha, makopo mawili makubwa na dogo moja yatampa 4.1 badala ya 4. Atadhani amekosea hesabu nzima, kumbe amekata mkia wa namba tu. Sehemu haikatwi mkia, ndiyo maana inarudi kamili.

Si jambo geni

Mtoto akidhani kuwa sehemu ni balaa jipya lililoletwa na kitabu chake, aambiwe habari za China. Kitabu cha hesabu kiitwacho Jiuzhang Suanshu, kilichokusanywa huko takribani miaka 2,000 iliyopita, kina sura nzima ya milinganyo ya pamoja. Swali la kwanza la sura hiyo linahusu nafaka: mafungu ya daraja la juu, la kati na la chini, na mavuno ya kila mchanganyiko. Majibu yake ni 9 na robo, 4 na robo, na 2 na robo tatu. Yote matatu yana sehemu. Waandishi wale walianza na nafaka halisi na hawakuona haja ya kuzificha robo.

Neno aljebra nalo limetokana na Kiarabu, kutoka kwenye jina la kitabu cha Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mgawanyo wa mirathi, na mirathi haiendi bila sehemu. Familia za Kiislamu za Kariakoo zinajua kuwa mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumuni, moja ya nane. Hakuna anayesema thumuni ni jibu lililokosewa.

Mzazi afanye nini

Kwanza, chunga ulimi. Wazazi wengi husema kwa nia njema, “Hata mimi hesabu zilinishinda, ni ya ukoo.” Mwaka 2015, Erin Maloney na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani. Watoto wa wazazi wenye hofu ya hesabu walijifunza hesabu kidogo zaidi katika mwaka huo na kuingiwa na hofu zaidi, lakini hilo lilitokea pale tu wazazi hao walipokuwa wakiwasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Hofu inaambukizwa pale mezani. Funzo lake si kumwacha mtoto peke yake, ila ni kubadilisha unachofanya ukikaa naye.

Pili, usitatue, uliza. Maswali matatu yanatosha: “Umeanzia wapi?”, “Hiyo ni kiasi gani ukiipima?” na “Ukirudisha, inatosha kote kuwili?” Hayahitaji cheti cha mtu yeyote.

Tatu, ficha ufutio. Mwambie mwanao apige mstari mmoja juu ya kazi anayodhani ina kosa, aandike upya chini yake. Kazi ya kwanza ikionekana, mwalimu ataona alipokwama, na mtoto ataona kuwa mara nyingine alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nne, tumia sehemu nyumbani kwa Kiswahili. Robo tatu ya kilo ya maharage, theluthi ya debe, nusu ya robo ya mafuta. Mtoto anayegawa vitu hivi jikoni hatashtuka akivikuta darasani vimebadilishwa majina.

Tano, angalia afya yake. Kama anakunja macho kusoma ubaoni au kichwa kinamuuma kila akisoma, apimwe macho kabla ya kulaumiwa. Kama usingizi wake ni mfupi kwa sababu ya kelele za mtaa au simu, hesabu itakuwa ya kwanza kuumia. Na kama miaka inapita na bado anashindwa hata kulinganisha namba ndogo, huku masomo mengine akiyamudu, zungumza na mwalimu na mhudumu wa afya. Wapo watoto wenye ugumu wa kuzaliwa nao katika namba, nao wanahitaji kufundishwa kwa njia tofauti. Fimbo haiwasaidii.

Rudi sasa kwenye kile chumba nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Mikokoteni bado inapita, na binti amefika tena kwenye 5/3. Mkono wake unaufuata ufutio.

“Subiri kwanza, mwanangu,” anasema mama, akiweka noti zake pembeni. “Usifute. Rudisha tuone kama inatosha.”

Binti anaandika: kumi juu ya tatu, ongeza mbili juu ya tatu. Ananyamaza kidogo, kisha anaandika 4. Anakwenda mlinganyo wa pili bila kuambiwa.